Makande ya mama wa Kipare, Magomeni Mapipa: nyota nne, ile ya tano nimeizuia kwa sababu ya mayai

Nimekula hapa zaidi ya mara kumi tangu mwezi wa tatu kwaiyo naongea kitu ninachokijua. Ukishuka mwendokasi kituo cha Magomeni Mapipa unaingia mitaa ya ndani, hakuna bango wala nini, we muulize bodaboda yeyote "kwa mama makande" atakuonyesha. Ni banda la mabati, benchi nne, meza mbili zenye plastiki ya maua, majiko matatu ya mkaa yako nje. Kitu cha kwanza unachotakiwa kujua ni kwamba hapa nyama haiuzwi, samaki hauzwi, dagaa hawauzwi, na sio kwamba vimeisha, havipikwi kabisa.

Kwa wengi hilo halina maana yoyote, kwangu lina maana kubwa sana. Huu mwaka wa tatu sili nyama na kwa mtu anayekula mchana mitaani hapa Dar ni mtihani, tena mtihani wenyewe sio kukosa chakula, maana maharage yapo kila kona, mtihani ni kwamba mpishi hakuelewi. Kuna sehemu moja karibu na ofisi yetu ya zamani nilikuwa nasema kila siku, dada naomba wali maharage, nyama usiniwekee, ananijibu sawa dada yangu, alafu anachota upawa wa mchuzi wa ng'ombe anaumwaga juu ya wali. Nikimwambia ananiangalia kwa huruma kabisa, "si nimekutolea nyama dada? Huo ni mchuzi tu, usile wali mkavu." Hakuwa na nia mbaya, alikuwa ananionea huruma. Mwingine mchicha umejaa dagaa, ukiuliza anakwambia dagaa sio nyama. Mwingine maharage meupe mazuri kabisa kumbe kayatia kidonge cha ladha ya kuku. Yaani unafika mahali unaishi kwa chipsi kavu na kachumbari, na hapo bado hujajua yale mafuta yamekaangiwa nini asubuhi.

Watu huwa wananiuliza kilitokea nini, umeokoka, umekuwa Mhindi, mganga amekukataza? Hapana. Nilikuwa kwenye daladala Ubungo, foleni imesimama, niko dirishani, pembeni yangu ikaja pikipiki imebeba kuku. Wamefungwa miguu kwa kamba mafungu mafungu, wananing'inia kichwa chini huku na huku mwa siti, wa chini kabisa kichwa chake kiko usawa wa ekzosi. Mdomo umeachama, ulimi uko nje, kilemba kimeshakuwa cha zambarau, na jicho lake lilikuwa linafunga na kufungua taratibu, linafunga, linafungua. Tulikaa hivyo kama dakika saba hivi, mimi na yule kuku tunaangaliana, na hakuna mtu yeyote pale barabarani aliyeona kuna kitu, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaona pikipiki kama ile mara mia na sikuwahi kuona kitu. Nilifika nyumbani wamepika kuku. Haikushuka.

Baadaye ndo nikaja kujua kumbe nchi hii ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama, ya mwaka 2008, namba 19, ipo tangu nikiwa shule, inakataza kumtesa mnyama na inagusa mpaka usafirishaji na uchinjaji. Na kwetu Waislamu hatukusubiri bunge, tumefundishwa tangu madrasa kwamba kisu kinolewe vizuri, mnyama usimnolee kisu akiona, usimchinje mbele ya mwenzie, umpumzishe. Sasa yule aliyetoka Mbezi kichwa chini mpaka sokoni, alafu anachinjwa mbele ya wenzie hamsini, ndo amepumzishwa wapi? Hili linaniuma na nitalisema popote nikipata nafasi, hata kwenye rivyuu ya makande.

Haya, makande sasa. Mama anapika sufuria mbili, moja ya nazi na moja haina nazi. Mahindi ni yale yaliyokobolewa ganda, analoweka usiku, saa kumi alfajiri yako jikoni na maharage ya njano, yanachemka polepole mpaka saa nne. Mahindi yakiwa yameiva sawasawa hayapasuki yakawa uji, ukiibana punje kwa ulimi inaachia yenyewe lakini umbo lake bado lipo, na maharage baadhi yameyeyuka ndo yameshika ule mchuzi ukawa mzito wenyewe bila unga wala nini. Kitunguu anakikaanga pembeni mpaka kinakuwa cha kahawia alafu anakimwagia mwishoni na karoti na hoho, kwaiyo unakuta utamu wa kitunguu juu na utulivu wa nazi chini. Anakuletea na parachichi nusu, ndimu, na pilipili ya kusaga ambayo tafadhali anza na ncha ya kijiko. Sahani buku mbili na mia tano, na parachichi humo humo. Nilipokula mara ya kwanza nilinyamaza, nikajikuta nimemaliza ndo nikakumbuka kwamba sijamuuliza kama kaweka kidonge chochote. Nilimuuliza. Akacheka akaniambia, "Mwanangu, makande yakipikwa kwa haraka ndo yanahitaji kidonge."

Hapo ndo penye tofauti ya huyu mama na sehemu zote nilizopita. Wengine wanakupikia chakula cha nyama alafu wanaiondoa nyama, unabaki na shimo kwenye sahani. Huyu amepika kitu ambacho hakikuwahi kuwa na nyama, hakuna kilichopungua, hakuna unachosamehe.

Jumanne na Alhamisi kuna kisamvu. Hiki nacho kinataka mtu mwenye subira kwa sababu majani ya muhogo mabichi yana sumu, lazima yatwangwe vizuri na yachemke muda mrefu ile sumu iondoke, ukiharakisha unajitafutia maumivu ya tumbo au zaidi. Chake kinatwangwa kwenye kinu, sio mashine, alafu kinaungwa na karanga na nazi, unakula na ugali. Mbaazi za nazi zipo ila kiukweli nimezaliwa Tanga na mbaazi za Tanga nazijua, zake ni za kawaida tu. Soya ndo sikuipenda mwanzoni. Ile ya vipande vikavu vya dukani, watu wengi wanaichemsha tu alafu wanakuletea kitu kama sponji ya kuoshea vyombo. Yeye analoweka kwenye maji ya moto, anakamua maji yote kwa mikono, analoweka tena kwenye tangawizi, kitunguu saumu na ndimu, ndo anakaanga mpaka kingo zinakuwa ngumu kidogo, alafu rosti ya nyanya. Wateja wake wengi wa bodaboda wanakula hiyo na chapati na wala hawana habari na mambo ya kuacha nyama, wanakuja kwa sababu ni tamu na wanashiba kwa buku tatu.

Nilimuuliza kwanini hapiki nyama. Nilidhani ataniambia mtaji. Kumbe mama ni Msabato wa Upare, kwao ni milima ya Same, na Usabato Tanzania umeingilia huko huko Upare, mwaka 1903, wamisionari wa Kijerumani. Babu yake alikuwa kati ya waliobatizwa zamani, na kwenye mafundisho yao ya afya walikuwa wanasisitizwa sana chakula cha mimea. Ananiambia sio kwamba Msabato akila nyama anafukuzwa kanisani, wengi wanakula, ila nguruwe na kambare hawagusi, na kwao baba yake alisema nyumba hii hatuli nyama basi hawakula. Amekua hivyo, kazaa watoto watano hivyo, ameleta makande ya kwao mjini. Nikamwambia mama, shangazi zangu wananiambia haya mambo ya kutokula nyama ni ya wazungu. Akaniangalia kwa mshangao wa kweli, "Wazungu wa wapi? Kwetu nyama tungeitoa wapi kila siku?"

Na ndo ukweli. Ethiopia Wakristo wa Orthodoksi kila Jumatano na Ijumaa hawagusi nyama, maziwa wala mayai, na Kwaresima yao ni siku 55 za hivyo hivyo, karne kwa karne, dengu na shiro (mchuzi mzito wa unga wa dengu) na mboga za majani juu ya injera, ule mkate wao mpana laini. Sisi wenyewe makande, kunde, mlenda, mbaazi na mahamri, magimbi, ni chakula gani hicho cha kizungu? Nyama ya kila siku ndo ngeni. Nyama kwetu ilikuwa ya Idi, ya harusi, ya mgeni. Na hapo kwenye mgeni ndo penye ugumu wa kweli, sitaki kudanganya mtu. Nilipokwenda kwa bibi Muheza baada ya kuacha, alikuwa ameshamfunga jogoo tangu jana yake kunisubiri. Nikamwambia bibi nisamehe, silagi nyama siku hizi. Hakugomba, alikaa kimya muda mrefu, alafu akaniuliza, "Nimekukosea nini mjukuu wangu?" Hilo swali nalisikia mpaka leo. Nilikaa naye jikoni, nikakuna nazi mwenyewe, tukapika kunde, nikala sahani mbili mbele yake ndo moyo wake ukatulia. Kwaiyo ukitaka kuacha, jiandae kwa hilo kuliko kujiandaa kwa njaa.

Njaa haipo. Mahindi na maharage yakikaa sufuria moja yanasaidiana, kile ambacho protini ya mahindi imepungukiwa maharage yanacho na cha maharage mahindi yanacho, kwaiyo wazee waliotupikia makande hawakukosea. Kitu kimoja tu usipuuzie ni vitamini B12, hiyo kwenye mimea huipati ya kutegemea, kama huli kabisa mayai na maziwa ongea na daktari akuandikie vidonge. Mi natumia.

Sasa mayai. Asubuhi mama anauza chapati mayai na mayai ya kuchemsha, na hapa ndo tumepishana. Nilimuuliza anayatoa wapi, akasema kuna kijana anamletea trei, kuku wa keji. Nikamwambia mama unajua kuku wa keji anaishije? Kwenye keji nyingi za kawaida kuku mmoja nafasi yake haizidi karatasi ya A4, anasimama juu ya waya, mabawa hafungui, anataga hapo hapo hana pa kujificha, maisha yake yote. Nimekua nikiangalia kuku wa bibi wakioga vumbi chini ya mwembe, wanajilaza ubavu, wanajirushia mchanga mpaka ndani ya manyoya, wamefumba macho kwa raha, kuku wa keji hajawahi kupata hiyo hata siku moja. Nchi za Umoja wa Ulaya zile keji za kawaida wameshazipiga marufuku tangu 2012, na huku kwetu ndo zinazidi kuuzwa. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, mkono uko kwenye mwiko. Akasema, "Mwanangu maneno yako nimeyasikia. Trei ya kienyeji ni karibu mara mbili. Yule bodaboda wa saa kumi na mbili asubuhi nimuuzie yai shilingi ngapi?" Sikuwa na jibu la bodaboda wa saa kumi na mbili. Lakini na kuku naye bado yuko kwenye waya. Kwaiyo nyota moja nimeizuia na yeye mwenyewe nimemwambia kwamba nitaandika hivyo, akasema andika.

Wiki iliyopita nimekuta ametenga mayai kumi ya kienyeji kwenye kibakuli pembeni, anauza mia sita kwa anayetaka. Kwa saa moja niliyokaa yaliondoka mawili.

Mengine ya haraka. Moshi upo, ukikaa benchi la upande wa majiko nguo zitanuka, kaa upande wa ukuta. Maji ya kunawa yapo, ya moto, na sabuni. Saa saba mchana hupati pa kukaa, njoo na hotpoti yako uchukue uondoke, na ukija na chombo chako anakuongezea kijiko. Malipo ni keshi au lipa namba. Huduma ni ya heshima, muamkie shikamoo usianze na oda. Jumamosi hafungui kabisa, ni Sabato, usijisumbue. Na Ijumaa wahi kabla ya saa nane mchana, maana anafunga mapema aende kujiandaa, na sufuria ya nazi ndo huwa inaisha ya kwanza.