FreeCAD 1.0: jointi ziko poa, ila limiti weka mwenyewe

Wakuu, mwezi mzima nimekesha na FreeCAD 1.0, programu ya kuchorea vitu vya 3D kwenye kompyuta, ile iliyotoka Novemba 2024. Niseme mapema mimi sio injinia, ni fundi wa kuchomelea, nachora ili nisikate chuma mara mbili. Zamani niliikimbia hii programu kwa sababu asembli ya kwake, yaani sehemu ya kuunganisha vipande viwe mashine moja inayotembea, haikuwepo, ilibidi utafute za kuongezea, kuna A2plus, kuna Assembly3, kuna Assembly4, ukishajichanganya basi tena. Sasa imo humohumo, hesabu ya vipande vikae wapi inapigwa na solva ya Ondsel, na ni bure.

Nilichokuwa nachora ni mashine ya mkono ya kufyatua tofali: boksi, pistoni inayopanda ndani yake, mkono mrefu wa bomba, na kiungo kinachoshika mkono na pistoni. Boksi unaligandisha kwanza, mimi nilisahau, nikavuta mkono mashine nzima ikahama kama imepewa notisi na mwenye nyumba 😂

Halafu jointi, yaani viungio vya kipande na kipande. Kitu kikiwa huru kina mienendo 6, mitatu ya kusogea na mitatu ya kuzunguka. Ukikifunga rivoluti unakibakishia kuzunguka tu, silaida kusogea tu, silindrikali yote mawili kwenye mhimili uleule. Nikaweka pistoni silaida, pini zote tatu (mkono na boksi, mkono na kiungo, kiungo na pistoni) rivoluti, nikavuta mkono kwa mausi na pistoni ikapanda. Nilimwita hadi dogo wa ofisini aje kuona.

Ila sasa nikaendelea kuvuta, mkono ukazama kwenye boksi ukatokea upande wa pili kama jini. Hapo ndo nikaelewa, hii kitu inajua jointi, haijui kama chuma ni kigumu. Fusion, programu nyingine ya kuchora kama hii, ina kontakti seti, unaiambia hivi viwili vikigusana visimame. Huku unafungua jointi yenyewe unatiki kima cha chini na cha juu, ndo limiti zenyewe. Nikaweka digrii 0 mpaka 110, mkono ukaruka ukalala upande ambao sikuutaka kabisa, nikapoteza jioni nzima natukana laptopu bure. Kumbe sifuri sio pale unapouona mkono umesimama, ni pale mihimili midogo ya jointi, ule wa mkono na ule wa boksi, inapolingana, na ukiigeuza basi jumlisha inakuwa kutoa. Kwahiyo kabla hujaandika namba yoyote, jua kwanza sifuri yako iko wapi. Na limiti weka sehemu moja tu, mashine nzima ina mwendo mmoja, ukishaubana mkono na pistoni nayo imebanwa, ukiweka kote kote namba zisipokubaliana unajitafutia ugomvi.

Kingine, na hiki wengi wanakiruka. Vitu vyangu vitatu vinavyotembea, pistoni, mkono na kiungo, ni mienendo 18, lakini rivoluti tatu na silaida moja kila moja inakula 5, yaani inaufunga mienendo mitano na kubakisha mmoja, jumla 20, yaani nimefunga kuliko kilichopo! Ilitembea kwa sababu pini zote zimelala sambamba. Nilipokosea tundu moja kwa nusu digrii tu ikagoma. Nikabadilisha pini mbili za kiungo, moja silindrikali inayokula 4, nyingine jointi ya mpira (kama gololi ndani ya kikombe, inazunguka kote) inayokula 3, ukijumlisha na rivoluti moja na silaida zilizobaki ni 17, ukabaki mwendo mmoja kamili na mashine ikalainika. Hata karakana ni hivyohivyo, ukibana kila kitu tait halafu tundu likienda pembeni kidogo, mkono unakuwa mzito.

Kwa anayechora mageti, mikokoteni, mashine ndogondogo, nasema ishushe. Fusion ya bure inakubana kwenye mafaili 10 ya kuhariri na kwenye Linux haipo, hii haina hayo mambo. Nyota 4. Ile digrii 110 nimeshaichomelea kipande cha flati kwenye fremu kama stopa, mkono unagota hapo.