Nimeijaribu seti ya kufuma kofia na glavu ya wanaoanza, tuongee ukweli

Mambo vipi jamani, karibuni. Leo tunachambua hii seti hapa, ya kufuma kofia na glavu za baridi, kwenye boksi wameandika kwamba ni ya wanaoanza kabisa. Jina la kampuni nimelibandikia karatasi makusudi kwa hiyo msihangaike kusoma, seti za hivi ziko nyingi na zinafanana, nitakayosema yatakufaa hata kama yako ina boksi tofauti.

Ndani unakuta mabonge ya uzi wa sufu, ya krimu na meusi, sindano mbili ndefu za chuma, sindano butu ya plastiki ya kuungia, na karatasi ya maelekezo. Tepu ya kupimia hakuna. Hapo kwenye tepu pashikeni, maana ndo kesi yangu na hii seti, wamekupa kila kitu cha kufumia halafu cha kupimia wakasahau.

Uzi kwanza, kwa sababu uzi ni mzuri, niseme haki. Lebo ina namba 4, ile alama ya unene inayoanzia 0 hadi 7, yaani ni uzi wa katikati, si mwembamba wa kukuumiza macho wala si mnene kama kamba ya meli. Haujasokotwa ovyo, haukwaruzi shingo. Huu wa krimu ukiufuma unakiona kila kitanzi kilipo, ukikosea unajua umekosea wapi. Sasa huu mweusi, mwenzangu, nani alikaa kwenye kikao akasema anayeanza apewe uzi mweusi? Usiku chini ya taa huoni kitu, kitanzi kinadondoka unaendelea tu na safari yako, unakuja kushtuka kuna ngazi imeshuka mpaka chini. Sogeeni muone, hii hapa. Unaona hivi vijiti vya uzi vimelala kama madaraja bila kitu cha kuvishika? Kila kimoja ni mstari ambao kitanzi kilipita kikaponyoka. Dawa yake usifumue kofia nzima, chukua sindano ya kroshia, shika kitanzi kilichobaki chini, ingiza, vuta kijiti cha kwanza kipite katikati yake, kisha kinachofuata, hivyo hivyo mpaka ufike juu ukirudishe kwenye sindano. Sindano ya kroshia nayo haimo kwenye boksi bila shaka.

Na hizi sindano za chuma zinateleza sana. Aliyezoea anazipenda kwa sababu anaenda mbio, ila anayeanza vitanzi vinamkimbia, ukiziweka chini vibaya ukienda kufungua mlango ukirudi nusu ya mstari uko nje. Za mianzi zingemfaa zaidi, zinashika uzi.

Haya tuje kwenye kofia ya baba. Karatasi inasema anza na vitanzi 90, fuma ukingo wa mbili mbele mbili nyuma, yaani vitanzi viwili vya mbele kisha viwili vya nyuma, utapata kofia ya sentimita 50. Watu wakisikia 50 wanashtuka kwa sababu kichwa cha mtu mzima ni kama 56 hivi, lakini hapo wako sahihi kabisa, kofia ya kufuma inatakiwa iwe ndogo kuliko kichwa, inavutika ikivaliwa ndo inashika. Ya baba ilitoka 60. Alivyoivaa ikapita nyusi ikapita macho ikasimama kwenye pua, na mzee wetu kwa upole wake akasema "imekaa vizuri mwanangu, inakinga hadi uso".

Hesabu yake iko hivi. Hiyo 50 imepigwa kwa mtu anayepata vitanzi 18 kwenye kila sentimita 10. Gawa 90 kwa 18 unapata 5, zidisha kwa 10, ndo 50. Mkono wangu mimi umelegea, nilikuja kupima nikakuta ni 15 tu kwenye sentimita 10, 90 gawa kwa 15 ni 6, basi ndo 60, hakuna uchawi hapo. Tofauti ya vitanzi vitatu unaiona ndogo kwenye kipande ila ukizungusha kichwa kizima inakuwa sentimita kumi. Ndo maana wafumaji wazoefu wanaanza na kipande cha kupimia, cha sentimita 10 kwa 10 au zaidi kidogo, wanahesabu, wakikuta vitanzi pungufu wanachukua sindano nyembamba zaidi, wakikuta vimezidi wanachukua nene. Karatasi hii imelitaja jambo hilo kwa mstari mmoja, maandishi madogo, nyuma, chini ya maelezo ya kufua! Kwa anayeanza hilo lingekuwa ukurasa wa kwanza, tena kwa herufi za kupiga kelele.

Halafu kuna hii, mimi ndo ilinimaliza. Sindano zimeandikwa 8. Nane ya nini? Hawajasema, na karatasi nayo inasema "sindano namba 8" basi. Mdogo wangu alikuwa ameshazikalia za kwenye seti anafuma kofia yake, glavu moja ya mama ilishaisha, ya pili nikaazima sindano za shangazi, za miaka mingi hizo, nazo zimeandikwa 8, nikajua tumemaliza. Mama kavaa ya kwanza safi, ya pili imemkaba kwenye vifundo vya vidole hadi mkono hakunji. Kumbe 8 ya Marekani ni milimita 5, na 8 ya zamani ya Uingereza ni milimita 4. Na 6 ni kinyume, ya Marekani ni 4 na ya Uingereza ni 5, yaani kama walikaa wakapanga kutuchanganya. Kwa hiyo namba iliyochongwa kwenye sindano usiiamini, angalia milimita, na kama hazijaandikwa kuna vile vibao vya matundu, unapitisha sindano kwenye tundu, linaloipokea bila kubana wala kuchezacheza ndo saizi yake.

Ila mchoro wenyewe wa glavu nimeupenda. Vidole vinne vinakaa pamoja, gumba linatokea pembeni, na kwa kuwa limewekwa pembeni haina kulia wala kushoto, huwezi kujikuta umefuma za kushoto mbili. Chini ya gumba huwa panabaki katundu, usiogope, ukianza gumba acha mkia mrefu wa uzi halafu ukazibie nao mwishoni.

Kuhusu kufua sasa. Dada alisema kofia ya baba tuichemshe kidogo ipungue. Sufu ambayo haijatibiwa kuzuia kusinyaa ukiipa maji ya moto na kuisugua nywele zake zinashikana, na zikishashikana hazirudi. Ikapungua kweli, lakini urefu ndo ulipungua kuliko upana, sasa hivi ni kofia pana fupi ngumu, na baba bado anaivaa! Lebo ya uzi ina alama ya kufua kwa mkono, maji ya kawaida, ikande tu, ikaushe ikiwa imelala.

Nyota natoa tatu kati ya tano, mbili ni za uzi na moja ya mchoro wa glavu. Ukiinunua nunua pamoja na tepu, sindano ya kroshia na kibao cha matundu, na huu mweusi mpe mtu anayejua.

Anayetaka kumfumia mtoto mchanga nimwambie jambo moja kabla sijazima kamera. Ndani ya glavu huwa kunabaki mikia ya uzi na vitanzi vilivyolegea, hivi hapa, nimegeuza muone. Kidole cha mtoto kikinasa hapo uzi unaweza kukikaba damu isipite, na yeye hawezi kukuambia zaidi ya kulia. Ishonee mikia yote ndani, kata iliyobaki, na igeuze ndani nje uikague kila unapotaka kumvisha. Na akilala ndani ya nyumba mvue kofia.