Tahadhari: IST ya otomatiki iliyorudishwa kilomita na kufichwa ubovu wa gia boksi, Dar es Salaam

Ninaandika kuwatahadharisha wote wanaotafuta gari dogo la otomatiki hapa Dar es Salaam, hususan Toyota IST ya toleo la pili, lile lililoanza kutengenezwa mwaka 2007. Yupo muuzaji anayetangaza magari ya aina hiyo kana kwamba ni ya matumizi binafsi ya familia, kumbe ni magari yaliyochoka ambayo kilomita zake zimerudishwa nyuma na gia boksi zake zimetiwa dawa ya kuficha ubovu kwa siku chache. Dada yangu ameuziwa mojawapo. Jina la muuzaji silitaji kwa kuwa suala liko polisi, lakini mbinu zake ninazieleza zote, kwa sababu gari la pili lenye maelezo yaleyale tayari limetangazwa.

Tangazo lilisema: mmiliki mmoja, mwanamke, linaendea kazini tu, injini na gia boksi safi, kilomita 86,000, maongezi yapo. Muuzaji alipokea wageni wake kwa heshima, kadi ya gari ilikuwepo, na deni la faini za barabarani halikuwepo. Jambo moja tu alilisimamia kwa nguvu: gari lijaribiwe mitaa ya karibu, kwenye barabara tambarare, kwa dakika chache. Alipoombwa lipelekwe mbali kidogo, mara mafuta yalikuwa machache, mara kulikuwa na mteja mwingine njiani mwenye fedha taslimu mkononi. Mkataba wa mauziano alikuja nao ukiwa umeshachapwa, na ndani yake lilikuwemo sharti kwamba gari limeuzwa kama lilivyo.

Ubovu ulijitokeza siku ya pili, kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro. Gari lilitoka Ubungo likiwa limeshapata moto, na lilipoanza kupanda Kimara injini ikaanza kunguruma huku mshale wa mizunguko ukipanda hadi 4,000, wakati mwendo wenyewe hauongezeki. Likafuatia kutetemeka, kisha taa ya injini ikawaka kwenye dashibodi, na gari likakataa kuvuta kabisa hadi lilipozimwa na kuachwa lipoe. Lilipopoa likaenda vizuri tena, na hapo ndipo ilipoeleweka kwa nini muuzaji hakutaka gari lipate moto mbele ya mnunuzi.

Ninaomba msomaji aelewe sababu, kwa kuwa ndiyo kinga yenyewe. IST nyingi za toleo la kwanza, za mwaka 2002 hadi 2007, zina gia boksi ya kawaida ya otomatiki yenye gia 4. Nyingi za toleo la pili zenye injini ya cc 1,500 zina gia boksi ya aina ya CVT, ambayo haina gia za kuhama, bali ina mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili zinazopanuka na kubana. Mkanda huo unashika puli kwa shinikizo la oili na kwa msuguano ambao oili maalumu ya CVT imetengenezwa kuutoa. Ukiweka haidroliki ya kawaida, yaani oili ya gia boksi za otomatiki zenye gia, mkanda unateleza, puli zinakwaruzika, na ubovu huo hautibiwi kwa kubadilisha oili tena. Gari likiwa baridi, oili huwa bado nzito na shinikizo linatosha. Likichemka na kupandishwa mlima, udhaifu wote unatoka nje.

Fundi aliposhusha sampo (bakuli la oili lililo chini ya gia boksi) ya gari la dada yangu, oili iliyotoka ilikuwa nzito kupita kiasi na ilinuka kuungua, dalili kwamba iliongezwa dawa ya kuikoleza. Kwenye sumaku zilizomo ndani ya sampo kulikuwa na vipande vya chuma vinavyong'aa. Unga laini wa kijivu kwenye sumaku hizo ni uchakavu wa kawaida, hivyo fundi asiwatishe kwa huo. Vipande vinavyong'aa ni habari nyingine, navyo vilimaanisha kutafuta gia boksi ya mtumba Kariakoo.

Kuhusu kilomita, ushahidi ulikuwa ndani ya gari lenyewe muda wote. Kwenye nguzo ya mlango wa dereva, chini ya mfuniko wa plastiki, kulikuwa na stika ndogo ya Kijapani ya kubadilishia oili, imefifia lakini inasomeka: 27 upande mmoja, na 138,400 chini yake. Namba 27 ni mwaka wa enzi ya Heisei katika kalenda ya Kijapani; ukiijumlisha na 1988 unapata 2015. (Stika za enzi ya Reiwa, iliyoanza mwaka 2019, hujumlishwa na 2018.) Yaani gari lilikuwa limeshatembea kilomita 138,400 likiwa bado Japani, na leo, baada ya miaka kadhaa ya foleni za Dar, dashibodi inaonyesha 86,000. Tafuteni stika hizo kwenye nguzo za milango na chini ya boneti, na mwombeni muuzaji nakala ya cheti cha Japani cha kusafirishia gari, kwa kuwa kwa kawaida huandikwa kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa huko. Anayesema makaratasi hayo yamepotea, mwambieni ayatafute kwanza kabla hamjatoa hata kishika uchumba.

Sisemi kwamba gari lenye kilomita nyingi halifai. Gari la kilomita 180,000 ambalo mwenyewe anakiri hivyo, na ana risiti za oili sahihi ya gia boksi, mimi ningelichukua kabla ya hili lililopambwa. Ninachosisitiza ni kwamba jaribio lifanyike gari likiwa limepata moto, kwenye foleni na kwenye mlima, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, fundi wenu akiwa ndani. Mkifungua swichi kabla ya kupiga stata, taa ya injini lazima iwake, kisha izimike injini ikishawaka. Isipowaka kabisa, huenda imekatwa makusudi.

Kwa waliokwisha kulipa kwa muuzaji wa namna hii: sharti la kuuziwa gari kama lilivyo halihalalishi udanganyifu. Kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na kwa mfanyabiashara wa magari, Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inagusa ubora wa kitu alichokiuza. Hifadhini tangazo kwa picha ya skrini kabla halijafutwa, pamoja na ujumbe wote wa simu, risiti ya malipo na mkataba. Pigeni picha stika na dashibodi zikionekana pamoja, mwombeni fundi aandike alichokikuta na kutia saini, kisha mfungue jalada polisi na kuchukua RB (namba ya taarifa yenu polisi). Oili iliyomwagwa msiitupe; chukueni kiasi kwenye chupa safi, pamoja na vile vipande vya chuma vya kwenye sumaku, mkavihifadhi.