Uzumaki: manga ya kutisha iliyonifanya nizime dawa ya mbu

Habari zenu jamani, karibuni tena. Leo sina simu wala spika mezani, nina kitabu. Ngoja nikisogeze kwenye kamera... haya, mnakiona? Jalada gumu, kurasa zaidi ya 600, kikikudondokea mguuni utachechemea wiki nzima. Kinaitwa Uzumaki, kazi ya Mjapani mmoja anaitwa Junji Ito, na ni manga, yaani hadithi ya picha ya Kijapani. Nilipomwambia mama kwamba nimeagiza manga kutoka nje, akaniuliza, kwani pilipili manga zimeadimika sokoni? Tangu siku hiyo kitabu hiki pale nyumbani kinaitwa "ile pilipili yako", na kusema kweli jina limekaa.

Sasa mimi kwenye manga ni mgeni, na kwenye manga za kutisha ndiyo mgeni kabisa. Kwa hiyo usinisikilize kama mtaalamu. Nisikilize kama mtu aliyetangulia mbele yako hatua mbili akajikwaa.

Na nilijikwaa mapema. Kitabu kimefika, nimechana karatasi, nikakifungua kama ninavyofungua kitabu chochote, jalada upande wa kushoto. Nikasoma. Mtu anajibu kabla hajaulizwa. Mwingine anashtuka, halafu ndiyo mlango unafunguka. Nikasema aah, hawa Wajapani, kumbe kutisha kwao ndiyo huku! Kurasa tatu nzima. Kumbe bwana nimeanzia mwisho. Manga inasomwa kutoka kulia kwenda kushoto: jalada la mbele liko pale sisi tulipozoea la nyuma, na ndani ya ukurasa unaanza kona ya juu kulia, unateremka mpaka kona ya chini kushoto. Waliokaa chuoni wakashika juzuu mkono hautawapa shida. Mimi wangu ulichukua kama nusu saa kukubali, na hapo nilishajiharibia picha ya mwisho. Msirudie kosa langu.

Haya, hadithi. Uzumaki kwa Kijapani ni msokoto, ule mchoro unaoanzia katikati ukajizungusha kwenda nje. Gamba la konokono. Maji yanavyoingia kwenye tundu la sinki. Kuna mji mdogo wa pwani unaitwa Kurouzu-cho, na kuna binti wa sekondari anaitwa Kirie Goshima, baba yake mfinyanzi. Ana mpenzi wake, Shuichi Saito, ambaye shule anasoma mji wa jirani, kwa hiyo kila jioni akirudi yeye ndiye anayehisi kwamba hapa kwetu kuna kitu hakiko sawa. Wanaolala humo humo mjini hawahisi.

Sura ya kwanza tu. Kirie anapita kichochoroni, anamkuta baba yake Shuichi amechuchumaa uso kwa ukuta. Anamwamkia. Mzee haitiki. Kirie anachungulia, na anachokitazama yule mzee ni konokono. Basi. Hakuna mzimu, hakuna damu, hakuna mlango unaolia nyiii. Mtu mzima, na miwani yake, anamtazama konokono kwa mapenzi ambayo hujawahi kumwona mtu akimtazama nayo hata mwanawe.

Kutoka hapo mzee anaanza kukusanya kila chenye msokoto, vitambaa, vyungu, chochote. Kazi ameacha. Mkewe anachoka, anavitupa vyote. Na mzee baada ya kuwaka hasira anatulia, anasema havihitaji tena, kwa sababu amegundua kwamba msokoto anaweza kuutengeneza kwa mwili wake mwenyewe. Nakomea hapo. Anachokifanya mwisho wa sura sikisemi, na hata ningekisema usingeona nilichokiona.

Niwaambie nilikuwa wapi wakati huo. Saa tano usiku, joto, niko chini kwenye mkeka, feni imelala kwa sababu umeme hakuna, nasoma kwa taa ya kuchaji. Pembeni yangu nimewasha dawa ya mbu. Ile ya kijani, ya kuzunguka. Mnaona ninakoelekea? Nikainua macho kwenye kitabu yakatua pale. Kincha chekundu kinatembea taratibu kuelekea katikati, na moshi juu yake unajisokota. Nikaitazama, nadhani, dakika nzima. Halafu nikamkumbuka yule mzee kichochoroni, nikaizima kwa kandambili.

Baadaye nikaja kujua kwamba hata hiyo dawa yenyewe asili yake ni Japani. Kulikuwa na mfanyabiashara anaitwa Eiichiro Ueyama, alikuwa anatengeneza dawa ya mbu ya vijiti vilivyonyooka, ikawa inaisha upesi, mtu hajalala vizuri imekwisha. Mwaka 1895 mkewe, Yuki, akatoa wazo kwamba ifanywe ndefu kisha izungushwe. Ikaanza kuuzwa 1902, na leo iko kila duka la Mangi. Mimi usiku ule nililiwa na mbu mpaka asubuhi, na humu ndani kuna sura ya mbu. Hospitalini, wodi ya wajawazito. Kama wewe ni mjamzito, au ndani ya nyumba kuna mjamzito, sura hiyo iruke. Sitanii hapo.

Sasa nije kwenye kitu ambacho kimenifanya nirekodi video hii, maana hadithi za kutisha tumeshasikia nyingi na filamu tumeona. Filamu inakutisha inapotaka yenyewe. Muziki unapanda, unaziba macho, inapita. Kitabu hakiendi mpaka ufunue. Na huyu Ito anajua hivyo kuliko unavyojua wewe. Tazameni hapa, nitafunika baadhi ya picha kwa mkono. Ukurasa wa kushoto, kona ya chini kabisa, picha ndogo: uso wa Kirie, macho yamemtoka, anatazama kitu ambacho sisi hatukioni. Ukurasa umeisha. Kitu chenyewe kiko nyuma ya karatasi hii. Wajapani wana neno lao kwa kule kufunua, wanaita mekuri, na wachoraji wanaupanga ukurasa mzima kwa ajili yake. Mkono wako uko kwenye karatasi. Unajua kabisa upande wa pili kuna nini, hujui sura yake tu, na hakuna anayekulazimisha. Unafunua. Halafu ni picha moja, ukurasa mzima, mistari myembamba kama nywele imepangwa maelfu kwa maelfu, na huwezi kusema nani kakuonyesha.

Mara ya nne au ya tano nilikuwa nafunua kidogo kidogo kwa pembeni, kama mtu anayechungulia karata za poka. Haisaidii.

Jambo la pili, na hili niliongea na rafiki yangu mpaka chai ikapoa. Hadithi zetu za majini zina hesabu. Jini limekaa kwenye mbuyu, mtu kaukata mbuyu. Mtu kachukua mali ya masharti, sharti kalivunja. Ukimpata mganga, au shehe wa kusoma, unaambiwa kosa liko wapi na kafara ni nini. Inatisha lakini unapashika. Humu nilikuwa nasubiri mtu wa namna hiyo aje. Sura ya tano, hajaja. Sura ya kumi, hajaja. Watu wa Kurouzu-cho hawajamkosea mtu. Hawajakata kitu. Msokoto umewajia kama mvua inavyowajia, na mwishoni unaonyeshwa kilichopo chini ya mji lakini kwa nini hupewi. Rafiki yangu anasema huo ni uvivu wa mwandishi. Mimi nilikubaliana naye kwa siku mbili hivi. Kisha nikiwa jikoni nikamwona dada anaandaa chapati, kaukunja unga kwa mafuta, kauzungusha ule mviringo wa konokono kabla ya kuusukuma, kaupanga kwenye sinia pamoja na wenziwe kumi na wawili, na mimi nimesimama mlangoni siwezi kuondoka. Ningekuwa nimepewa sababu, ningezila zile chapati kwa amani.

Kwa ufupi kuhusu mwandishi. Ito amezaliwa 1963 mkoa wa Gifu, na kabla ya kuwa mchoraji alikuwa fundi wa meno, wale wanaotengeneza meno ya bandia maabara. Ukitazama anavyochora mdomo wa mtu uliofunguka sana, utasema ahaa. Kazi yake ya kwanza, Tomie, ilitoka 1987, kwenye jarida la hadithi za kutisha lililolenga wasichana. Uzumaki yenyewe ilikuja kutoka kwa vipande jaridani, 1998 hadi 1999, na hilo la vipande likumbukeni kwa sababu linahusu malalamiko yangu.

Malalamiko yenyewe ni haya. Nusu ya kwanza kila sura inasimama peke yake, na Kirie anaona jambo ambalo mimi ningehama mji, halafu sura inayofuata yuko njiani kuelekea shule na begi lake. Jana mwanafunzi mwenzake kaanza kugeuka konokono, leo anaongelea mnara wa taa. Ukizisoma wiki kwa wiki pengine hilo halionekani. Ukizisoma mfululizo linachekesha, na kuna sura moja ya kijana mpenda mizaha, anayeibuka kama kikaragosi cha sandukuni, kile cha springi kinachoruka ukifungua kifuniko, ambayo nilicheka kweli na sidhani ilikusudiwa. Kirie mwenyewe pia simjui. Nimemaliza kurasa 600 naye, siwezi kukuambia anapenda kula nini. Ni jicho la kutuonyesha mambo, zaidi ya hapo sikupata.

Kutoka katikati hivi, kimbunga kinapoingia, vipande vinaanza kushikana, na hapo ndipo nililala saa kumi.

Kitabu kama kitabu: toleo hili ni la kampuni ya Viz, Kiingereza, juzuu zote tatu zimeunganishwa. Karatasi nzuri, wino mweusi kweli, na mwanzoni kuna kurasa chache za rangi. Kimeshonwa vizuri, kinafunguka bila kulia. Changu kimefika kona imebonyea, nauli ya kukileta ilikaribia bei ya kitabu chenyewe, na aliyenitumia nilipomwandikia alijibu kwa emoji ya machozi. Kipo pia cha kidijitali, bei nafuu. Nilijaribu sura mbili kwenye simu, na nawashauri msianze hivyo. Kwenye simu unatelezesha kidole, picha inakuja nusu, ule mkono juu ya karatasi niliousema haupo. Tableti kubwa, sawa, inavumilika.

Kama 600 ni nyingi na hujui kama mambo haya ni yako, tafuta hadithi fupi ya Ito inaitwa The Enigma of Amigara Fault. Imewekwa mwishoni mwa kitabu chake kingine, Gyo. Tetemeko limepasua mlima, na kwenye mwamba yametokea matundu yenye umbo la watu. Watu wanakuja kutoka mbali kuyatazama, na mmoja mmoja anaanza kulitambua lake. Ni kurasa chache, dakika kumi na tano, na utajua jibu lako. Mimi ningependa ningeanzia hapo.

Na kama Uzumaki imekukolea, rudi nyuma kwa mzee wao, Kazuo Umezu, aliyefariki 2024 akiwa na miaka 88. Ito alianza kumsoma akiwa mtoto kwenye majarida ya dada zake, na ile Tomie ilitambuliwa kwenye tuzo yenye jina la huyo huyo Umezu. Yeye ana The Drifting Classroom, ya mwaka 1972 hadi 1974: shule ya msingi nzima inatoweka na wanafunzi ndani, wanatoka getini wanakuta jangwa. Nimesoma juzuu la kwanza. Watoto wanapiga kelele kila ukurasa, midomo wazi, michoro ya kizamani, na walimu ndio wanaoanza kurukwa na akili. Hiyo nitaifanyia video yake.

Ile Uzumaki ya katuni za televisheni, ya 2024, vipindi vinne vya rangi nyeusi na nyeupe, tazameni kipindi cha kwanza. Vilivyobaki ni shauri yenu.

Alama: nane kwa kumi. Moja imekwenda na Kirie, moja imekwenda na yule kijana wa sandukuni. Wenye watoto nyumbani, kabatini, juu, na ufunguo.

Hiki hapa si changu tena, nimekichukua kwa ajili ya kurekodi tu. Dada wa chapati kakiazima tangu Jumamosi. Nilimpa maelekezo yote, kulia kwenda kushoto, anza huku, nikamwekea mpaka kikaratasi. Juzi usiku kanitumia sauti WhatsApp, ngoja niwawekee... "We, hiki kitabu chako mbona kinaanza watu wameshakufa?"