Mwami M'siri wa bronzi: kazi ya atelie moja ya Kampemba

Mafundi wa mukuba, yaani shaba nyekundu, Lubumbashi hawakosekani, ila wengi ni wa kugonga: bamba jembamba, nyundo, kisha inatoka picha ya kutundika sebuleni. Kuyeyusha na kumimina sanamu nzima ni kazi nyingine kabisa. Atelie (karakana) tunayoipima iko Kampemba, komini mojawapo ya mji huu. Jina tunaliacha, maana kuna makosa mawili ya kusema bila kupakana mafuta kwa mgongo wa chupa.

Kazi yenyewe ni kichwa na mabega ya Mwami M'siri kwa bronzi (mukuba uliochanganywa na bati), urefu sentimita 60, ya kusimama uani kwa shule. M'siri, yaani Ngelengwa Mwenda, asili yake Unyamwezi, ndiye aliyeifanya Bunkeya, makao yake makuu, kuwa soko kubwa la mukuba, chumvi na pembe, na la watumwa pia, mpaka alipopigwa risasi tarehe 20 Desemba 1891. Wayeke, watu wa ufalme wake, walisifika kwa kuvuta nyaya za mukuba, kwa hiyo madini yanamfaa. Kibao chake kinafaa kitaje watumwa vilevile. Mwamuzi wa hilo ni mteja, si fundi.

Kwenye udongo, yaani mfano wa kwanza wa kufinyanga, mafundi hawa hawana mpinzani. Bronzi ikipoa husinyaa karibu asilimia 2, kwa hiyo wanafinyanga kubwa kidogo. Asiyefanya hivyo anapoteza zaidi ya sentimita moja kwenye kichwa kama hiki, na matundu ya boliti hayakutani tena na msingi. Ukiwapelekea picha ya uso wa mbele tu, wanadai ya ubavuni. Wana haki: pua na kisogo vya kubuni ndivyo vinavyowafanya wajukuu waseme “huyu si yeye”.

Kisha kalibu ya silikoni, na ndani yake nta ya milimita 5. Hapo ndipo hesabu ya madini inapopatikana, maana bronzi itajaza nafasi ya nta: pima nta, zidisha kwa 9 na nusu. Nta ya kilo 3 na nusu inakula bronzi kilo 33 hivi, na ukiongeza mifereji na kikombe cha kumiminia, chungu kinahitaji kama kilo 45: mukuba 40 na nusu, bati 4 na nusu. Bati tunalosema ni lile la Manono, si la paa. Linaingia mwisho, mukuba ukishayeyuka, maana likikaa motoni muda mrefu linaungua na kugeuka takataka za juu. Uliza mukuba wao unatoka wapi. Nyaya zilizochunwa vizuri zinafaa. Mabomba na koki za shaba ya manjano zina zinki: utaona moshi mweupe, mafundi watalala na homa usiku, na rangi ya sanamu itatoka mabakamabaka.

Kalibu ya nje ni plasta iliyochanganywa na unga wa matofali ya kuchoma. Inakaa tanurini mpaka nta yote itoke na unyevu uishe, nyuzi 600 na zaidi, siku nzima au mbili. Anayeharakisha hapa anacheza na roho za watu, kwa sababu maji yaliyobaki yakikutana na madini ya nyuzi 1,100 yanalipuka. Msimu wa mvua kazi hii inachelewa, na heri ichelewe. Agiza Mei, usingoje Desemba.

Sasa makosa. La kwanza ni kombe la omande, ile alama ya utawala wa Wayeke. Kwenye nta walilichonga milimita 2, mbali na mfereji, bila tundu la kupumulia. Bronzi ilifika imeshapoa, na ukingo ukatoka umemeguka kama sahani iliyong'atwa na panya. Walijaza kwa kulehemu, lakini kwa waya usiolingana na bronzi ya sanamu. Baada ya patina, yaani rangi ya juu inayotolewa kwa dawa na moto, kiraka kinaonekana kama mwezi mdogo. Dawa ni milimita 4, tundu lake lenyewe, na fimbo za kulehemu zilizomiminwa kutoka chungu kilekile.

La pili ni misumari ya chuma inayoshikilia kiini cha ndani, ile plasta inayojaza uwazi wa sanamu wakati wa kumimina. Mmoja haukung'olewa, na machozi ya kutu yanashuka chini ya kidevu. Kabla ya kupokea sanamu, pitisha sumaku mwili mzima: bronzi haishiki, chuma kinashika.

Patina yao ya kahawia ni nzuri: salfidi ya potasiamu kwanza, nitrati ya chuma juu yake, mwenge wa gesi, kisha nta ya kusugua ingali na joto. Nta hiyo irudiwe kila mwaka. Herufi za kibao zisipungue kina cha milimita 2, la sivyo msasa unazifuta.

Usimikaji mnausimamia wenyewe. Boliti ziwe za inoksi (chuma kisichoshika kutu), zizame ndani ya zege mahali spana ya mwizi haifiki, maana kilo 33 za mukuba na bati zina wanunuzi mjini hapa. Chini pawe na tundu la kutoa maji. Malipo yawe mafungu matatu: udongo ukikubaliwa, nta ikikaguliwa, na la mwisho baada ya kuiona patina juani, si chini ya balbu ya atelie.