Nililipia mfereji wa kii, nikapewa rangi: uzoefu wangu na fundi wa kukereza hapa Tabora

Wadau nina hasira na naandika nikiwa nazo bado, sitaki zipoe kwanza. Kama uko Tabora na unatengeneza kigari cha porini, hizi gokati za kuunga mwenyewe nyumbani, na unataka kukerezewa shafti ya nyuma, kile chuma cha mviringo kinachozungusha matairi, soma hii kabla hujatoa hela mfukoni.

Habari za injini naruka, ni injini ya pikipiki ya mchina ya cc 125, kila mtu anaijua na spea zake zipo kila kona. Fremu nimechomelea mwenyewe, stelingi mwenyewe, matairi nimeweka ya bajaji maana ya toroli yanaingia rimu ileile ya inchi 8 ila ukiyapeleka porini yanakufa mapema. Mimi na mpwa wangu tumeanza hii kazi maembe bado machanga mtini, kila jumamosi tupo uani kwa dada yangu, kule Ipuli, dogo anashika bomba mi nachomelea, mama yake anatupigia kelele umeme unaisha. Kitu kimoja tu sikukiweza nyumbani, shafti. Sina mashine ya kukereza. Ndo nikampelekea huyo bwana, simtaji jina wala mtaa.

Nilichomwambia nilimwambia kwa mdomo na nikamchorea kwenye karatasi. Shafti ni ya mm 30, inakaa kwenye beringi mbili, zile zenye miguu ya kufungia bolti kama za mashine ya kusaga. Anikerezee habu, ile pete nene inayovaa shafti, ya kufungia sproketi (gia ya cheni), alafu achonge mfereji kwenye shafti na kwenye habu, kikae kile kipande cha chuma cha mraba, kii, nusu ndani ya shafti nusu ndani ya habu, ili vizunguke pamoja bila weldi. Nikarudia mara tatu, fundi usichomelee, tafadhali usichomelee. Nikamweleza na sababu, japo mtu wa kazi ile hapaswi kuelezwa: hii shafti ni chuma kigumu, ilitoka kwenye mashine chakavu, ukikichoma moto wa weldi pale pembeni ya weldi kinakuwa kikavu kama kigae, na shafti yenyewe inazunguka huku imebeba uzito, chini inavutwa juu inabanwa, ikigeuka inabadilishana, kwa tairi lile dogo ni kama mara 800 kila kilomita moja. Akanijibu dogo mi nimeanza kukereza we hujazaliwa. Sawa. Nikasema shikamoo yako mzee, nikatoa elfu 45 yote kabla ya kazi, na hapo ndo nilikosea kabisa.

Nilivyorudi kuchukua nikakuta shafti inang'aa, habu ipo mahali pake, pale zinapokutana pamepigwa rangi nyeusi nzito. Nikamuuliza mbona rangi, akasema ya kuzuia kutu. Kulikuwa na kijana wake pale, msaidizi, aliniangalia alafu akainama kufagia vyuma. Ule mtazamo nimekuja kuuelewa baadae sana.

Basi tukafunga. Kigari kikatembea. Jamani ile siku ya kwanza sitaisahau, dogo alikuwa anacheka mpaka analia, tumezunguka uwanja wa mpira mpaka mafuta yakaisha, watoto wa mtaa mzima wanakimbia nyuma, na mi nikawa namsifia yule fundi kwa kila mtu. Nimempelekea wateja wawili! Hilo ndo linaniuma.

Tukaja kupanga safari ya bwawa la Igombe. Mnaojua njia za nje ya mji huku mnajua mchanga ulivyo, mvua ikikata siku chache tu unakuwa kama unga, tairi inazama, injini inalia. Tulikuwa tunapokezana, yeye anaendesha kidogo mi niko nyuma na bodaboda ya jirani, alafu tunabadilishana. Dogo kaendesha, katoka, nimekaa mimi. Hazijapita dakika tano nasikia tu KA! kama mtu kavunja kuni, nyuma kushoto kukanyanyuka, gurudumu la kulia likalala, kigari kikaanza kuzunguka chenyewe kuelekea kwenye visiki. Diski ya breki ilikuwa upande wa kushoto, upande uliobaki mzima, ndo ikanishika. Goti limechubuka, basi. Lakini dakika tano wadau. Dakika tano nyuma pale kwenye siti alikuwa mtoto wa watu ana miaka 13.

Nikashuka kuangalia. Shafti imekatika pembeni kabisa ya habu, na mfereji hakuna. Hakuna! Shafti ni laini mviringo toka mwanzo mpaka mwisho, kaizungushia weldi, kaisaga na grainda ifanane na chuma, kapiga rangi. Na pale pa kukatikia sehemu kubwa ni nyeusi ina kutu, kipande kidogo tu upande mmoja ndo cheupe kinang'aa. Maana yake ilikuwa imepasuka zamani, inatafunwa taratibu kila tukitembea, siku ile imemalizia tu. Tulikuwa tunakalia kitu kilichokufa siku nyingi.

Nikaenda na vipande vyote viwili, kesho yake au keshokutwa. Nilijiambia nitaongea kwa adabu na niliongea kwa adabu. Nikamsalimia, nikaweka vipande mezani, nikamwambia mzee wangu hapa hakuna kii. Hakuangalia hata. Akasema mbele ya wateja, "We unaleta kitoroli cha watoto unataka kazi ya treni?" Watu wakacheka. Dogo nilikuwa nimeenda nae, kasimama pale kashika sproketi kwa mikono miwili, akawa anaangalia chini. Hicho kicheko ndo kimenifanya niandike. Shafti ningesamehe, chuma kinakatika, hata mimi nimeshachomelea vitu vikaachia. Lakini wewe umechukua hela ya kuchonga, hukuchonga, ukapaka rangi ili nisione, alafu unamcheka mtoto ambaye ungemuua?

Nikiwa mkweli, na sitaki kumdhulumu, yule bwana anajua kazi. Zile nyuzi za nati alizotoa mwisho wa shafti sijaona safi kama zile, beringi ziliingia kwa kusukuma na kiganja bila kucheza hata kidogo. Kwahiyo kama unataka kukereza tu, bushi, pini, nyuzi, mwisho wa siku nenda, huyu ni mzuri, ila kaa hapohapo mpaka amalize, usiondoke hata kunywa chai. Na sproketi niliyoweka ilikuwa ya meno 45, kubwa mno kwa tairi ndogo vile, nguvu ya kusokota shafti ilikuwa nyingi kuliko inavyohitajika, kwahiyo pengine na mimi nilichangia.

Hapana. Nafuta hiyo. Hapo juu nimesema nenda, sasa nasema msiende kabisa. Kinachonitisha ni kwamba anajua. Fundi asiyejua ungemfundisha, huyu anajua mfereji unachongwaje na akaamua rangi inatosha kwa sababu kwake kile ni kitoroli. Mwenye mashine ya kukamua alizeti akimpelekea shafti atamfanyia hivyohivyo? Sijui, na mi sitaki kujua.

Dada ndo akasema kuna mzee mmoja ng'ambo ya reli, hana hata mashine ya kukereza, anatengeneza majembe ya kukokotwa na ng'ombe. Nikaenda bila matumaini. Nimefika asubuhi nikamwambia mwangaluka baba, akaitikia, akachukua kile kipande kilichokatika akakipeleka juani, akakigeuza geuza, akapitisha kidole pale penye kutu. Akamuita mpwa wangu, "mwanangu njoo uone," akamwonyesha mwenyewe ufa ulipoanzia mpaka ulipoishia. Kwangu hakusema kitu.

Mfereji ameuchonga kwenye shafti nyingine kwa patasi na tupa, siku mbili, kwa mkono. Dogo alikuwa anaenda kumshikia shafti akitoka shule. Kila baada ya muda anajaribisha kii, anapaka masizi kidogo, anagonga, anatoa, anaangalia palipoguswa, anapitisha tupa tena. Ilivyoingia iliingia na mlio mmoja tu. Amekataa hela aliyotajiwa, kachukua nusu, akasema hii nyingine mkanunue sproketi ndogo, hiyo kubwa inachota mchanga. Na kweli, ile ya 45 ilikuwa inafika karibu na ardhi, mchanga unaingia kwenye cheni yenye grisi unakuwa msasa, cheni mpya ilishaanza kulegea. Tumeweka ya meno 38, na mlima wa kuingia kwetu inapanda bila shida.

Wale wateja wawili niliompelekea yule bwana nimewapigia simu. Mmoja keshaenda kukwangua rangi ya kwake na kisu. Mwingine hajapokea, ana mkokoteni wa pikipiki unabeba magunia, kama kuna mtu anamfahamu mwenye mkokoteni wa bluu anaepaki karibu na stendi mwambieni asibebe mzigo mpaka akwangue ile rangi.