Uzoefu wangu: bushi za poliurethani kwenye mikono ya mbele ya Impreza WRX, hapa Malindi

Gari langu ni Subaru Impreza WRX ya mwaka wa 2004, ambayo mbele ina sasipensheni ya aina ya MacPherson, yenye mkono mmoja wa chini kila upande. Mafundi wetu huuita loa amu. Mkono huo unashikana na bodi kwa bushi mbili, yaani mito midogo yenye bomba la chuma katikati, inayouruhusu mkono kucheza. Ya mbele ni ndogo na kazi yake kubwa ni kuzuia gurudumu lisisukumwe kando gari linapokata kona, ilhali ya nyuma, iliyo kubwa zaidi na yenye kikombe chake cha chuma kilichofungwa kwenye bodi kwa boliti, ndiyo inayopokea msukumo wa breki na mapigo ya mashimo. Ni hii ya nyuma niliyoibadilisha kutoka raba hadi poliurethani, aina ya plastiki iliyo ngumu kuliko raba, na ya mbele nikaiwekea raba mpya ya kiwandani.

Dalili zilikuwa zile zinazojulikana. Nilipokanyaga breki kwa nguvu nikikaribia daraja la Sabaki, usukani ulivuta upande mmoja kisha mwingine. Kila tuta lilitoa mgongano wa chuma chini ya miguu yangu. Na tairi za mbele zililika ukingo wa ndani, ingawa alaimenti, yaani mpangilio wa pembe za magurudumu, ilikuwa imepimwa si muda mrefu uliopita. Maelezo yake ni mepesi. Bushi ya nyuma ikilegea, breki hulirudisha gurudumu nyuma, pembe ya kasta (mwinamo wa mhimili wa usukani kuelekea nyuma, unaosaidia gari kunyooka) hupungua, na mwelekeo wa tairi hubadilika wakati uleule dereva anapohitaji gari linyooke. Hakuna alaimenti itakayodumu kwenye mkono unaotembea.

Raba zilizokuwemo hazikuwa za zamani, na hilo ndilo lililonishangaza hadi fundi alipoziangalia. "Mwanangu," akaniambia, "raba hii haikufa kwa uzee, ilifungwa ikiwa imepinda." Bushi ya raba imeshikamana na bomba lake la ndani, hivyo mkono unapopanda na kushuka, raba yenyewe ndiyo inayojinyonga. Nati ikikazwa gari likiwa juu ya jeki na magurudumu yananing'inia, raba hubaki imejinyonga siku zote gari linaposimama chini, na haichukui muda kuchanika. Boliti inapaswa kukazwa kwa mwisho gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Gereji iliyozifunga awali haikufanya hivyo, na naamini wengi wanaolalamika kwamba spea za siku hizi hazidumu wamepatwa na jambo hilihili. Poliurethani haina tatizo hili, kwa kuwa haikushikamana na bomba bali huzunguka juu yake kwa msaada wa grisi.

Kazi ya kutoa ilikuwa nzito kuliko ya kuweka. Hewa ya bahari yetu huila chuma, na boliti ya bushi ya mbele upande wa kushoto ilikuwa imegandana kwa kutu na bomba lake kiasi kwamba mafuta ya kulegeza kutu hayakufua dafu, ikabidi ikatwe kwa grenda. Anayekusudia kuifanya kazi hii katika mji wa pwani na anunue boliti na nati mpya kabla hajafungua chochote. Bushi mpya za nyuma, kinyume chake, zilikuja zikiwa vipande viwili kila moja pamoja na bomba la chuma kisichoshika kutu, zikaingia kwa jiliwa ya kawaida bila kuhitaji presi. Jambo la kuangaliwa ni kwamba pete ya nje ya bushi ya zamani lazima itolewe yote, na kikombe kisuguliwe hadi king'ae kabla ya kupaka grisi.

Watengenezaji wanaofahamika, kama vile Powerflex wa Uingereza na Whiteline wa Australia, wana bushi za aina hii kwa Impreza, na zipo zilizotobolewa nje kidogo ya katikati ili kuongeza kasta. Mimi nilichukua zenye tundu katikati, za ugumu wa barabarani. Bei ilikuwa takriban mara tatu ya raba za kiwandani.

Kwa upande wa breki, sina kinyongo chochote. Gari hunyooka, na tofauti naihisi hata nikililinganisha na lilivyokuwa raba zake zilipokuwa mpya. Hili ni muhimu, kwani wengi husifu poliurethani kwa kuilinganisha na bushi zilizokwisha kufa, mahali ambapo raba yoyote mpya ingeleta furaha ileile. Kwenye kona, faida ni ndogo kuliko nilivyotarajia. Usukani umekuwa mwepesi kuitikia unapougeuza kidogo kutoka katikati, lakini sehemu kubwa ya hilo naihesabu kuwa imetokana na bushi mpya za mbele, ambazo ni raba tupu.

Gharama yake iko kwenye starehe. Katika lami nzuri ya kuelekea Kilifi sioni tatizo, ila kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi-mawimbi mtikisiko hupanda hadi kwenye usukani, na abiria wangu wa kila siku, ambaye ni mama, ameshaniuliza mara kadhaa kama gari limeharibika. Isitoshe, majira ya kaskazi vumbi laini likapenya na bushi zikaanza kulia kwenye matuta. Ilibidi zifunguliwe na kupakwa upya grisi iliyokuja na seti, kwa kuwa hazina tundu la kupigia grisi kutoka nje. Raba haidai huduma hiyo.

Seti niliyonunua ilikuwa na jozi ya mbele pia, na bado imo kwenye boksi lake. Kwa gari la mashindano ningeifunga. Kwa gari linalopita matuta ya Gede kila wiki na kuegeshwa mita chache kutoka ufuoni, raba itabaki mbele, na mwenye Impreza ya kizazi hicho anayeihitaji jozi hiyo nitamuuzia kwa nusu ya bei.